Mahame Ndani ya Kinamasi: Tathmini ya Safari ya Boti hadi Kisiwa cha Billys, Georgia

Huduma ninayoitathmini hapa ni safari ya boti yenye kiongozi inayomfikisha mgeni Kisiwa cha Billys, ndani ya kinamasi cha Okefenokee, kusini mashariki mwa jimbo la Georgia nchini Marekani. Nitaeleza pia kuhusu mtumbwi wa kukodi, kwa kuwa siku ya pili mimi na mwenzangu tulirudi kisiwani kwa kupiga makasia wenyewe, na tofauti kati ya safari hizo mbili ndiyo iliyonifanya nitake kuandika. Kinachouzwa ni kitu kimoja: nafasi ya kusimama kwenye mahame ya mji uliowahi kuwa na wakazi wapatao 600, wenye hoteli, duka, shule na ukumbi wa sinema, na ambao leo hauna hata chumba kimoja chenye paa. Niseme mapema kwamba naipendekeza huduma hii kwa moyo mweupe, ila naipendekeza kwa mtu atakayekwenda akiwa amekwisha kujisomea habari za mahali hapo, kwa sababu mahame haya hayajielezi yenyewe, na kiongozi wa boti hana muda wa kueleza yote yanayostahili kuelezwa.

Upande wa magharibi wa kinamasi unafikiwa kwa barabara inayotoka Fargo, mji mdogo sana, na kupita katikati ya misonobari kwa zaidi ya kilomita 25 hadi inapokomea majini. Ni vyema gari lijazwe mafuta kabla ya kuiacha Fargo na chakula kiwe kimefungashwa, kwani njiani ni miti mitupu. Sikuihesabu safari hiyo kuwa kero, kwa kuwa ndiyo inayomwandaa mgeni. Hifadhi ya wanyamapori ya Okefenokee ina zaidi ya ekari 400,000, na sehemu kubwa ya eneo hilo si ardhi kwa maana tuliyoizoea. Chini ya maji kuna mboji iliyorundikana kwa maelfu ya miaka, na mahali pengine unene wake unapita mita 4. Vipande vya mboji hiyo hung'oka chini na kuelea, vikaota nyasi, kisha vichaka, kisha miti, na mtu akivikanyaga huhisi vikitikisika hadi kwenye miti iliyo mbali naye. Ndiyo maana jina la Okefenokee limezoeleka kufasiriwa kuwa ardhi inayotetemeka. Juu ya ardhi ya namna hiyo watu walijenga reli, na mwisho wa reli wakajenga mji. Mgeni asiyelielewa jambo hilo kabla ya kupanda boti ataona vyuma vyenye kutu na kujiuliza amelipia nini.

Boti yenyewe ni ya chini na pana, yenye mabenchi na kivuli cha turubai, na tulipanda wageni wachache kiasi kwamba kila mmoja aliweza kuona pande zote. Kila abiria alipewa jaketi la kujiokolea, na kiongozi alihakikisha limefungwa barabara kabla ya kamba kufunguliwa gatini. Alitusihi tusitoe mikono nje ya boti, na sababu yake tuliiona baada ya dakika chache: mamba wa Marekani, wale wanaoitwa aligeta, walikuwa wamejianika juu ya kingo za tope, baadhi yao warefu kuliko mtu. Ilikuwa Februari, jua la asubuhi bado lilikuwa na ubaridi, na mamba walikuwa wazito hata hawakujali kelele za mashine. Upande huu wa kinamasi mashine za boti haziruhusiwi kuzidi nguvu za farasi 10, sharti ambalo naliunga mkono kabisa, kwa kuwa mwendo wa taratibu humpa mtu nafasi ya kuyatazama maji. Maji ya Okefenokee ni meusi kama chai iliyochemshwa mno, kwa sababu ya majani na mboji vinavyoozea humo, lakini hayana tope. Yanapotulia huakisi miti kwa ukamilifu hata mtu hushindwa kujua shina linaishia wapi na kivuli chake kinaanzia wapi.

Kiongozi wetu alikuwa hodari katika kueleza mambo ya viumbe na hodari zaidi katika kueleza historia ya mfereji, ambayo ndiyo mwanzo wa yote. Mwaka 1891 jimbo la Georgia liliuza sehemu kubwa ya kinamasi kwa kampuni iliyojulikana kama Suwannee Canal Company, kwa bei ya senti 26.5 za dola kwa ekari. Mwanasheria wa Atlanta, Harry Jackson, aliyeiongoza kampuni hiyo, alikusudia kuchimba mfereji utakaoyaondoa maji yote hadi Mto St. Marys, ambao humwaga maji yake katika Bahari ya Atlantiki, ili sakafu ya kinamasi iwe mashamba na miti iliyosimama juu yake ipasuliwe mbao. Walichimba zaidi ya kilomita 18 kuingia ndani. Mboji ililala tena katika njia iliyokwisha kuchimbwa, gharama zikapanda, Jackson akafariki mwaka 1895, na kampuni ikafilisika. Mfereji huo uko upande wa mashariki, mbali na tulipokuwa, lakini kiongozi alifanya vyema kuanza nao, kwa kuwa unaonyesha namna kinamasi kilivyotazamwa zama hizo: kama mali iliyozibwa na maji, inayomngojea mtu wa kuizibua.

Aliyefuata hakujaribu kuyaondoa maji. Mwaka 1901 mali ya kampuni iliyofilisika ilinunuliwa na Charles Hebard, mfanyabiashara wa mbao, na familia yake ndiyo iliyoanza ukataji mkubwa kupitia kampuni ya Hebard Cypress. Kilichotafutwa ni misaiprasi, ambayo huota ndani ya maji na mbao zake hustahimili kuoza. Mingine ilikuwa imesimama kwa mamia ya miaka. Ukataji ulianza mwaka 1909, baada ya reli kuletwa hadi ukingo wa kaskazini magharibi wa kinamasi, na kutoka hapo reli iliendelea kuingia ndani juu ya nguzo zilizopigiliwa katika mboji hadi zikafikia mchanga mgumu ulio chini. Kila eneo lililotakiwa kukatwa lilipelekewa tawi lake la reli. Mitambo ya mvuke ilivuta magogo kwa nyaya hadi kando ya njia, magogo yakapakiwa, na garimoshi likayapeleka kwenye kiwanda cha kupasua mbao cha Hebardville, karibu na mji wa Waycross. Hapa kiongozi alitoa picha ya zamani iliyofunikwa kwa plastiki akaipitisha mkono kwa mkono: garimoshi limesimama juu ya maji, na watu wamesimama juu ya magogo yenye kipenyo kinachowapita kimo. Nilitamani angekuwa na picha kumi kama hiyo. Maelezo ya mdomo, hata yakiwa mazuri, hayatoshi kumwonyesha mtu reli mahali ambapo leo anaona mayungiyungi.

Kisiwa cha Billys kiko takriban kilomita 3 kutoka gatini kwa njia ya maji. Kwa kawaida jina lake huhusishwa na Billy Bowlegs, kiongozi wa Waseminole, na ni kweli kwamba watu wa asili waliishi humo muda mrefu kabla ya mbao kuwa biashara. Kilima kidogo cha udongo walichokijenga zamani bado kipo kisiwani. Mwaka 1838 wanajeshi walioongozwa na Jenerali Charles Floyd walikipenya kinamasi wakiwasaka Waseminole waliokimbilia humo. Kisha, katika miaka ya 1850, Daniel Lee na mkewe Nancy walihamia kisiwani, na ukoo wao ukakaa hapo kwa vizazi kadhaa. Walilima mahindi, viazi vitamu na miwa, wakafuga nguruwe na ng'ombe, wakarina asali, wakawinda, na walitoka kinamasini kwa nadra kutafuta vitu kama chumvi na kahawa. Mtaalamu wa viumbe Francis Harper, aliyefika mwaka 1912 pamoja na wenzake kutoka Chuo Kikuu cha Cornell, aliwakuta wakiishi hivyo, akawapenda, na akaendelea kurudi kinamasini kwa miaka mingi kuandika habari za wanyama, nyimbo na lugha ya watu wa pale.

Nimeutaja ukoo wa Lee kwa urefu kwa sababu ndio unaoupa mji ule kipimo. Wakati Harper anafika, mashoka yalikuwa yamekwisha kuingia upande wa pili wa kinamasi. Baada ya miaka michache reli ilikifikia kisiwa, na mahali ambapo familia moja ilikuwa ikiishi kwa jembe na bunduki pakawa makao ya mamia ya wafanyakazi pamoja na wake na watoto wao. Hoteli ikajengwa, na karakana za kutengenezea mitambo, na shule, na duka lenye bidhaa ambazo awali zingemgharimu Lee safari ya siku nzima. Jioni watu walikwenda kutazama sinema, katika zama ambazo filamu zilikuwa bado hazina sauti, na nje ya ukumbi huo kulikuwa na giza, vyura na maji ya kinamasi kwa kilomita nyingi kila upande. Sijui mji mwingine ambao ungenifanya nitamani kuuona kwa usiku mmoja tu kama huu. Kila kitu ndani yake, kuanzia msumari hadi tepe ya filamu, kililetwa kwa reli ile ile iliyokuwa ikitoa magogo, na hilo ndilo jambo ambalo mgeni anapaswa kulishika anapotembea kisiwani: mji haukuwa na shughuli nyingine yoyote ya kuuweka hai. Haukuwa bandari, haukuwa soko la wakulima, haukuwa njia panda. Ulikuwa chombo cha kukatia miti, na uliwekwa pale kwa muda ambao miti ingedumu.

Boti ilitufikisha kwenye gati dogo la mbao, na kiongozi akatuongoza katika njia ya miguu iliyo kavu na yenye mchanga, iliyofunikwa na sindano za misonobari na kuzungukwa na vichaka vya mitende mifupi yenye majani makali. Hatua mia chache ndani tulianza kuviona vyuma. Kuna mabaki ya boila, kuna kiunzi cha gari kilicholiwa na kutu hata kimebaki kama mbavu, kuna springi za vitanda, mapipa yaliyotoboka, nyaya nene za kuvutia magogo na vipande vya mashine ambavyo sikuweza kuvitambua. Havijapangwa. Vimelala pale vilipoachwa, na mizizi imepita kati yake. Uamuzi wa kutovijengea kibanda na kutovipaka rangi naona ni sahihi kabisa. Mtu anapovikuta chini ya miti anaona mwenyewe muda uliopita, kwa kuwa misonobari iliyovizunguka imeota baada ya watu kuondoka. Karibu na hapo kuna makaburi ya ukoo wa Lee, machache na ya kawaida, na kiongozi alitunyamazisha kwa upole kabla ya kuyafikia. Nilimheshimu kwa hilo. Ni mahali pekee kisiwani ambapo unaona kwamba kuna watu waliokusudia kubaki.

Kasoro kubwa ya huduma hii ni muda. Tulikaa kisiwani kwa nusu saa hivi, na katika nusu saa hiyo mgeni lazima aende, asikilize, apige picha na arudi botini. Muda huo unatosha kuviona vyuma, lakini hautoshi kuuona mji. Nilikuwa na maswali ambayo nilitaka kuyauliza tukiwa tumesimama mahali husika: hoteli ilikuwa upande upi wa reli, maji ya kunywa yalitoka wapi, watoto walipita wapi kwenda shule. Kiongozi alijibu mawili akiwa anatembea, akatazama saa, akaomba radhi kwa sababu kundi jingine lilikuwa likisubiri boti. Simlaumu yeye, alifanya kazi yake kwa bidii na kwa adabu. Lakini kampuni inayouza safari ya kwenda kwenye mahame ingefaa kugawa muda wake kwa namna nyingine, ipunguze dakika za kuzunguka ikitafuta mamba, ambao mtu atawaona hata akiwa gatini, na iziongeze dakika hizo kwenye mchanga wa kisiwa.

Kasoro ya pili ni ya maelezo, na hii ilinikera zaidi. Tulielezwa majina ya wenye kampuni, tukaelezwa kiasi cha mbao, tukaelezwa nguvu ya mitambo. Kuhusu waliozikata mbao hizo hatukuelezwa karibu chochote. Georgia ya miaka ile iliishi chini ya sheria za ubaguzi wa rangi, na kambi za mbao hazikuwa na sheria nyingine: wafanyakazi weusi na weupe walifanya kazi katika kinamasi kimoja lakini walilala katika makazi yaliyotenganishwa. Watu walisimama ndani ya maji meusi hadi kiunoni wakivuta misumeno mirefu ya watu wawili, wakiwa na mbu juu na nyoka chini, na mti mmoja ukianguka vibaya hospitali ilikuwa mwisho wa reli. Hoteli na sinema vikitajwa bila watu hao, msikilizaji anabaki na picha ya mji wa mapumziko. Nilipouliza, kiongozi alikiri kwamba ndivyo ilivyokuwa, akaonyesha kwa mkono upande mwingine wa kichaka, na tukaendelea na safari. Ningependa siku moja kuona kundi zima likisimama upande huo wa kichaka kwanza, kabla ya kupelekwa kwenye boila.

Kuna nyumba moja ya zama hizo ambayo bado imesimama ndani ya kinamasi, nayo haiko Kisiwa cha Billys. Iko Kisiwa cha Floyds, ndani zaidi, na ilijengwa mwaka 1925 kwa ajili ya familia ya Hebard kwa shughuli za uwindaji. Wasafiri wa mitumbwi wenye kibali hulala humo hadi leo, na moto mkubwa unapokuja wazimamoto huifunika kwa vitambaa maalumu ili isiungue. Sina neno dhidi ya kuitunza nyumba hiyo. Ni nzuri na ina historia yake. Nimeitaja kwa sababu kiongozi aliitaja kwa fahari, dakika chache baada ya kututoa mahali ambapo nyumba za watu 600 hazikuacha hata mlango, na nilirudi gatini nikiwa na mambo hayo mawili kichwani pamoja.

Mji ulianguka kwa namna ile ile ulivyoinuka, yaani kwa hesabu. Hadi ukataji ulipokoma mwaka 1927, zaidi ya futi za ubao milioni 431 zilikuwa zimetolewa kinamasini, nyingi zikiwa za misaiprasi. Kwa kipimo tulichokizoea ni kama meta za ujazo milioni 1. Mara nyingi watu hudhani kwamba miji ya aina hii iliuawa na mdororo mkubwa wa uchumi, lakini mdororo ulikuja miaka miwili baadaye. Kilichokwisha ni miti yenye faida. Baada ya hapo hapakuwa na sababu ya kuleta garimoshi, na bila garimoshi hapakuwa na unga, wala mafuta ya taa, wala filamu. Mitambo yenye thamani iliondolewa, reli zikang'olewa, na kilichokuwa kizito kuliko bei yake kikaachwa pale kilipo, ndivyo vyuma tunavyoviona leo. Hatimaye hata ukoo wa Lee ulilazimika kuondoka kisiwani, ingawa ulikuwa umekitangulia kila kitu kilichojengwa na kampuni. Hilo la mwisho kiongozi alilisema kwa sentensi moja, nami nadhani lingestahili robo ya safari nzima.

Yaliyofuata yana upande wa faraja. Mwaka 1933 Jean Harper, mkewe Francis, ambaye zamani alikuwa mwalimu wa watoto wa familia ya Roosevelt, alimwandikia rais Franklin Roosevelt kumwomba akinusuru kinamasi dhidi ya mpango wa kupitisha mfereji wa meli. Mwaka 1937 Okefenokee ilitangazwa kuwa hifadhi ya wanyamapori, na mwaka 1974 sehemu yake kubwa ikapewa ulinzi mkali zaidi, wa eneo la asili lisiloguswa. Barua hiyo kiongozi wetu aliisimulia kwa hisia, akiwa ameipunguza mashine hadi karibu kuzimika, na ilikuwa sehemu bora ya maelezo yake yote. Lakini misaiprasi mikubwa haijarudi. Iliyopo sasa ni miembamba, iliyoota baada ya misumeno au iliyoachwa kwa kuwa haikuwa na thamani, na katika sehemu nyingi nafasi yake imechukuliwa na miti mingine na vichaka. Moto nao hupita. Ule wa mwaka 2011 uliunguza zaidi ya ekari 300,000, na wa mwaka 2017 zaidi ya ekari 150,000. Moto katika kinamasi hiki ni wa asili na mimea mingi inauhitaji, lakini kwa mahame ya mbao kila moto ni ufutaji mwingine, na hiyo ni sababu moja ya kuvikuta vyuma pekee.

Siku ya pili tulikodi mtumbwi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba njia bora ya kukiona kisiwa ni kukifikia kwa mikono yako. Kilomita 3 kwa makasia si mbali kwa mtu mwenye afya ya kawaida, maji hayana mkondo wa kutisha, na alama za njia zinaonekana vizuri. Mtumbwi ulikuwa imara, makasia hayakuwa na nyufa, na mhudumu alituonyesha kwenye ramani mahali pa kugeuka, akatuandika jina na saa ya kurudi. Tulikaa kisiwani kwa saa tatu. Kigogota mmoja alikuwa akigonga mti juu ya kiunzi cha gari, na hakukuwa na sauti nyingine. Katika utulivu huo niligundua vitu ambavyo siku iliyotangulia nilivipita: mstari mrefu ulionyooka ulioinuka kidogo kuliko ardhi ya pembeni, ambao kwa maoni yangu ulikuwa tuta la reli, na vipande vya chupa nene za kioo vilivyozama nusu mchangani. Hatukuvigusa. Kuokota chochote katika hifadhi hakuruhusiwi, na hata pasipokuwa na sheria, mahame yanayochukuliwa kipande kimoja kimoja na wageni hayachelewi kwisha.

Kwa atakayekwenda, miezi ya baridi, kuanzia Novemba hadi Machi, ndiyo inayofaa. Kiangazi joto huwa kali, mbu na mainzi wa manjano wanaouma huwa wengi, na radi za alasiri si za kuchezea mtu aliye juu ya maji. Kisiwani nenda na maji yako ya kunywa na kofia, na viatu vilivyofunika vidole, kwa sababu vyuma vilivyofichwa na majani ni hatari kwa miguu ya watoto. Mtu mwenye shida ya kutembea anaweza kufurahia boti yenyewe, lakini njia ya kisiwani ina mizizi na mchanga, na kushuka gatini kunahitaji kupiga hatua ndefu. Kwa mwenye siku moja tu, ningemshauri apande boti asubuhi kwa ajili ya maelezo, kisha akodi mtumbwi mchana huo huo na kurudi kisiwani.

Boti yenye kiongozi naipa nyota 3 kati ya 5: usalama wake na ukarimu wake havina dosari, na nyota mbili nimezizuia kwa ajili ya muda na kwa ajili ya watu ambao hawakutajwa. Mtumbwi naupa nyota 5.

Kabla ya kuweka nafasi, uliza kina cha maji. Maji yakipungua sana boti haziwezi kupita katika baadhi ya njia, lakini yakipungua kiasi huonekana kitu ambacho hakimo katika tangazo lolote la huduma hii. Tulipokuwa tukirudi siku ya kwanza, kiongozi alizima mashine bila kuombwa na kutuelekeza kwa kasia kandokando ya njia. Visiki vya misaiprasi vilikuwa vimechomoza juu ya maji, vipana kama meza, vimekatwa sawasawa, na juu ya vingine vichaka vilikuwa vimeota kama katika chungu cha maua. Vilikuwa vingi kuliko miti iliyosimama. Hakusema kitu, nasi hatukumuuliza, boti ikaelea kati yake hadi upepo ulipotusogeza.